Pasi ya Raga: Kwa Nini Mpira Hurushwa Nyuma

Tarehe 6 Oktoba 2007, mjini Cardiff, New Zealand walikuwa wakiongoza Ufaransa 18 kwa 13 katika robo fainali ya Kombe la Dunia la raga. Dakika ya 69 Damien Traille akaubeba mpira karibu na katikati ya uwanja, akamrushia Frédéric Michalak, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutoka benchi. Michalak akachanja mbuga, akavutwa chini karibu na mstari, akamtegea Yannick Jauzion, na Jauzion akafunga trai, yaani akaugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari. Mkwaju wa nyongeza ukapita katikati ya milingoti. Ikawa 20 kwa 18, na timu iliyopewa nafasi kubwa kuliko zote ya kutwaa kombe ikapanda ndege kurudi kwao.

Pasi ya Traille ilikuwa imekwenda mbele. Mamilioni waliiona kwenye televisheni. Mwamuzi Wayne Barnes, Mwingereza wa miaka 28, hakuiona, washika vibendera wake nao hawakuiona, na wakati ule mwamuzi wa video hakuwa na ruhusa ya kurudi nyuma kuchunguza pasi iliyopigwa mbali na mstari wa goli. Jina la Barnes likawa tusi New Zealand kwa miaka kadhaa.

Kwa mtu aliyelelewa na kandanda, kisa hiki kina kitu cha ajabu. Kumpenyezea mwenzako mpira mbele, kati ya mabeki wawili, ndio ustadi tunaolipia tiketi kuutazama. Iweje katika raga iwe kosa, tena kosa linaloweza kuhesabiwa kuwa limeiondoa timu bora duniani? Jibu la haraka ni kwamba sheria ndivyo inavyosema. Jibu la kweli ni refu kidogo, maana linaanzia zama ambazo raga haikuwa na pasi kabisa, ya mbele wala ya nyuma. Na asiyezijua zama hizo atabaki kupiga kelele kila Jumamosi kwa pasi ambazo ni halali tupu.

Shule ya Rugby iko katika mji wenye jina hilohilo, jimbo la Warwickshire, katikati ya Uingereza. Karne ya 19 kila shule kubwa ya bweni nchini humo ilikuwa na mpira wake na desturi zake za kuucheza. Za Rugby hazikuandikwa hadi Agosti 1845, pale wanafunzi watatu wa madarasa ya juu, William Delafield Arnold, W. W. Shirley na Frederick Hutchins, walipopewa kazi hiyo na wenzao. Wakatoa kanuni 37. Walimu hawakuwa na neno. Mchezo ulikuwa mali ya wanafunzi, na waliogombana juu yake ni wao, waliopatana ni wao.

Kiini cha kanuni zile kilikuwa kuotea. Lakini si kuotea kwa kandanda ya leo, ambako mshika kibendera hupima mshambuliaji kwa mabeki. Kule Rugby kipimo kilikuwa mpira. Kama mpira umeguswa na mwenzako aliye nyuma yako, basi wewe uliye mbele yake umekwisha toka mchezoni: usiuguse, usimzuie mtu, hadi mpinzani auguse kwanza. Mahali pako pa halali ni nyuma ya mpira pamoja na jeshi lenu. Anayejibanza mbele akingoja kuletewa anaiba nafasi ambayo hakuipigania.

Ukishaielewa kanuni hiyo, suala la pasi limekwisha jibiwa kabla hujauliza. Mwenzako wa mbele haruhusiwi kuugusa mpira. Ukimrushia umemrushia mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo marufuku ya pasi ya mbele haikuanza kama sheria ya mikono. Ni mtoto wa sheria ya mahali: nani yuko wapi pale mpira ulipoguswa.

Wakati huo hata kandanda ilishika mkondo uleule. Chama cha Soka cha Uingereza kilipotunga kanuni zake za kwanza mwaka 1863, kilisema kwamba mpira ukishapigwa teke, kila mchezaji wa upande ule aliye karibu zaidi na goli la wapinzani ametoka mchezoni. Yaani kandanda ya kwanza nayo haikuwa na pasi ya mbele! Kanuni hizo hizo zilikataza pia kumrushia mwenzako mpira kwa mikono. Klabu ya Blackheath ilijitoa mwaka huohuo kwa kutaka haki ya kukimbia na mpira mikononi na ya kupigana mateke ya miguu, jambo ambalo siku hizo liliitwa uanaume. Mwaka 1866 kandanda ikalegeza: ukiwa na wapinzani watatu kati yako na goli, unaruhusiwa kuupokea mpira ukiwa mbele. Hapo ndipo njia mbili zilipoachana kwelikweli. Watu hupenda kusema tofauti ya michezo hii ni mkono na mguu. Mimi naona tofauti kubwa zaidi ni kwamba mmoja uliiachia kanuni ya kale ya kuotea na mwingine ukaishikilia.

Turudi Rugby, maana kuna hadithi inayosimama mlangoni na haina budi kusogezwa. Inasemekana mwaka 1823 mwanafunzi William Webb Ellis aliudaka mpira, na badala ya kurudi nyuma na kuupiga teke kama desturi ilivyotaka, akakimbia nao mbele. Kombe la Dunia limepewa jina lake, na shuleni kuna kibao cha jiwe cha kumkumbuka. Ushahidi ni mwembamba mno. Aliyeitoa hadithi hiyo ni Matthew Bloxam, mwaka 1876, zaidi ya miaka 50 baada ya tukio na miaka 4 baada ya Ellis kufariki. Na Bloxam mwenyewe hakuliona kwa macho. Wahitimu wa shule walipoichunguza mwaka 1895, Thomas Hughes, mwandishi mashuhuri aliyeingia Rugby mwaka 1834, aliwaandikia kwamba katika siku zake habari za Ellis hazikuwa zikisikika kabisa, na kwamba kukimbia na mpira wakati ule kulikuwa jambo la kuhatarisha maisha.

Ushahidi wa Hughes una thamani kuliko hadithi yenyewe. Anaeleza kwamba kukimbia na mpira kulizoeleka mwishoni mwa miaka ya 1830, hasa kwa sababu ya kijana mmoja mwenye nguvu na kasi aliyeitwa Jem Mackie, na kwamba kulihalalishwa rasmi msimu wa 1841 hadi 1842, yeye Hughes akiwa nahodha. Ruhusa hiyo ilikuwa na masharti. Mpira udakwe ukiwa unadunda, usiokotwe chini. Aliyeudaka asiwe ameotea. Na sharti la mwisho, ambalo ndilo letu: asimkabidhi mwingine. Aliyeudaka aubebe mwenyewe hadi ng'ambo ya mstari na auguse chini kwa mkono wake. Pasi, kwa maneno mengine, ilikatazwa siku ileile mbio ziliporuhusiwa.

Kwa nini? Hughes hakufafanua, ila mazingira yanajieleza. Mchezo ulikuwa kundi kubwa la wavulana wanaosukumana kwa mabega na kuusogeza mpira kwa miguu. Kukimbia nao kulivumiliwa kwa sababu mkimbiaji alijitia hatarini mbele ya kundi zima. Sasa kama angeweza kumtupia mwenzake dakika anapozingirwa, hatari ingeisha, na pamoja nayo heshima. Dhana hii ilidumu miongo mingi: kuuachia mpira kabla hujakabwa kulionwa kuwa ni woga.

Chama cha Raga cha Uingereza kilizaliwa tarehe 26 Januari 1871 katika mgahawa wa Pall Mall, London, klabu 21 zikiwakilishwa. Kazi ya kuandika sheria iliangukia wanasheria watatu, wote wahitimu wa Rugby. Husimuliwa kwamba mzigo mkubwa ulibebwa na Leonard Maton, aliyekuwa amelala na mguu uliovunjika kwa raga hiyohiyo, na wenzake wakamwahidi tumbaku ya kutosha kama ataimaliza. Zikatoka sheria 59. Humo ndimo pasi ilipopata hati: mwenye mpira anaruhusiwa kuurusha nyuma kuelekea goli lake, au kumpa mwenzake aliye nyuma yake na ambaye hajaotea. Na kuurusha kuelekea goli la wapinzani, au kuusukuma mbele kwa mkono kwa makusudi, kukakatazwa waziwazi. Kanuni ya leo ni mjukuu wa sentensi hizo mbili.

Hati ilikuwepo, ila walioitumia walikuwa wachache. Mechi ya kwanza ya kimataifa, Uskoti dhidi ya Uingereza, ilichezwa Raeburn Place, Edinburgh, tarehe 27 Machi 1871, kila upande watu 20. Kati ya hao 20, kama 13 walikuwa mafowadi, nao walisimama wima wakisukumana huku mpira ukipotelea katikati ya miguu. Ungempasia nani? Kila kipande cha uwanja kilikuwa na mtu. Mwaka 1877 mechi za kimataifa zilipopunguzwa kuwa na watu 15, uwanja ulipanuka ghafla bila mtu kuuongeza hata hatua moja.

Waliokuwa wa kwanza kuitumia nafasi hiyo kwa akili walikuwa wanafunzi wa Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1880, chini ya nahodha Harry Vassall. Mafowadi wake walifundishwa kupasiana wakiwa mbioni badala ya kujifungia kwenye msukumano, na hafu wake Alan Rotherham akageuka kuwa daraja: anapokea kutoka kwa mafowadi, anawalisha mabeki. Hafu wa kabla yake kazi yake ilikuwa kuokota mpira na kukimbia nao mwenyewe hadi aangushwe. Kila skramu-hafu unayemwona leo akiupeleka mpira upande wa pili wa uwanja anatembea katika nyayo za Rotherham.

Hatua iliyofuata ilitokea Wales, na ilitokea kwa bahati. Februari 1884 klabu ya Cardiff ilipungukiwa na mchezaji wa nyuma kwa safari ya kwenda Cheltenham, ikamwita Frank Hancock. Akafunga trai mbili. Wiki iliyofuata mwenye nafasi alikuwa amerudi, na viongozi hawakuwa na moyo wa kumwacha yeyote nje. Siku hizo timu zilikuwa na mabeki watatu wa mbio. Cardiff wakapanga wanne, wakamtoa fowadi mmoja. Beki wa nne alimaanisha pasi moja zaidi kabla ya mpira kufika pembeni, na huko pembeni winga alikuta nafasi ambayo watetezi hawakuweza kuifikia. Hancock alipokuwa nahodha msimu wa 1885 hadi 1886, Cardiff walicheza mechi 27 wakapoteza moja tu. Timu ya taifa ya Wales ilijaribu mpango huo mwaka 1886 dhidi ya Uskoti, ikaingiwa na wasiwasi ikauacha katikati ya mechi, ikafungwa. Waliporudia kwa utulivu walipata malipo: mwaka 1893 waliwapiga Waingereza, Waskoti na Waairishi msimu mmoja, na muda si mrefu dunia nzima ya raga ikapanga wanne.

Mwaka huohuo wa 1884 ulizaa pia ugomvi ambao sipendi kuupita, kwa kuwa unaonyesha jinsi sheria ya kuupeleka mpira nyuma kwa mkono ilivyokuwa bado haijakubaliwa. Tarehe 1 Machi, Uingereza ikicheza na Uskoti huko Blackheath, Mskoti mmoja aliugonga mpira nyuma kwa mkono. Mwingereza Richard Kindersley akaunasa, akafunga trai. Waskoti wakasimama: kwetu, walisema, kuugonga mpira nyuma kwa mkono ni kosa, kwa hiyo mchezo ulipaswa kusimamishwa. Waingereza wakajibu kwamba kwao si kosa. Na hata kama lingekuwa kosa, aliyelifanya ni ninyi, mtafaidikaje na kosa lenu wenyewe? Ubishi ukachukua dakika kama 10 uwanjani, na miaka 6 nje ya uwanja. Mwaka 1885 Uingereza na Uskoti hawakukutana. Mwaka 1886 Uskoti, Ireland na Wales waliunda bodi ya kimataifa ya kusimamia sheria. Uingereza ikagoma kujiunga, na mwaka 1888 na 1889 ikatengwa, haikucheza na jirani yeyote. Ilikubali mwaka 1890. Bodi hiyo ndiyo World Rugby ya leo.

Kuna ndugu mmoja wa raga aliyechukua njia nyingine, na kisa chake kinathibitisha kwamba tatizo halikuwa mkono. Wamarekani waliupata mchezo huu kwa mechi za Harvard na chuo cha McGill cha Kanada mwaka 1874. Mwaka 1880, kwa ushawishi wa Walter Camp wa Yale, waliiondoa skramu, ule msukumano wa mafowadi, na kuweka mstari: timu moja ina mpira, nyingine inangoja, mchezo unaanza kwa ishara. Mchezo ukawa mzito na wa kuua; mwaka 1905 wachezaji wasiopungua 18 walifariki, na Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa timu za vyuo Ikulu. Mojawapo ya tiba zilizopatikana ilikuwa kuruhusu pasi ya mbele mwaka 1906, ili watu watawanyike. Tarehe 5 Septemba mwaka huo, Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha Saint Louis alirusha ya kwanza dhidi ya Carroll College huko Wisconsin. Ikaanguka bila kudakwa, na kwa kanuni za siku hizo mpira ukaenda kwa wapinzani. Nyingine baadaye ikazaa alama. Wamarekani waliweza kufanya hivyo kwa sababu mstari wao ulikwisha chukua nafasi ya mpira kama kipimo cha kuotea. Raga haikuwa na mstari kama huo. Kipimo chake kilibaki mpira, na mpira unatembea. Hata wale waliojitenga mwaka 1895 huko Huddersfield na kuunda raga ya watu 13, waliobadilisha karibu kila kitu, hiki hawakukigusa.

Sasa tuje kwenye sheria ya leo na kwenye kelele za Jumamosi.

Sheria ya 11 ya World Rugby inakataza kuurusha mpira mbele, na mbele maana yake ni kuelekea mstari wa mwisho kabisa wa wapinzani. Kumkabidhi mwenzako mkononi bila kurusha ni pasi pia, nayo inahesabiwa vilevile. Pasi ya sambamba, isiyokwenda mbele wala nyuma, ni halali. Mpira uliorushwa vizuri ukigonga ardhi au mtu kisha ukadundia mbele, mchezo unaendelea. Ukiurusha mbele kwa bahati mbaya, wapinzani wanapewa skramu pale ulipokosea, isipokuwa kama wao wenyewe wameunasa na kufaidika. Ukirusha kwa makusudi ni penalti. Mpira ukitoka nje baada ya kosa hilo, wapinzani wana hiari ya kuchagua skramu au kurusha kutoka pembeni. Kwenye karatasi hakuna ugumu wowote.

Ugumu unaingia pale mtoa pasi anapokuwa mbioni. Fikiria abiria wa kiti cha mbele kwenye matatu iendayo kasi, anamrushia konda sarafu nyuma ya gari. Kwa abiria na konda, sarafu imekwenda nyuma. Kwa mama muuza ndizi aliyesimama kando ya barabara, sarafu hiyo bado inaelekea mjini, polepole kidogo kuliko gari. Wote wanaona sawa. Galileo alilieleza jambo hilo karne nne zilizopita kwa mfano wa merikebu.

Tuliweke kwa hesabu. Mchezaji anakimbia mita 8 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa beki aliyefunguka. Anamrushia mwenzake aliye mita 10 pembeni yake na mita 3 nyuma yake, naye anakimbia mwendo uleule. Mikono yake inausukuma mpira nyuma kwa mita 3 kwa sekunde, lakini mpira tayari ulikuwa na mita 8 za mwili wake kuelekea mbele. Ukitoa, unabaki na mita 5 kwa sekunde, mbele. Ukichukua sekunde moja kufika, utadakwa mita 5 mbele ya pale ulipoachiwa. Mpokeaji naye katika sekunde hiyo amesogea kutoka mita 3 nyuma hadi mita 5 mbele, hivyo anaupokea palepale kifuani. Na mtoa pasi, kama hajasimamishwa, sasa yuko mita 8 mbele. Akigeuka anauona mpira ukidakwa mita 3 nyuma yake. Pasi hiyo ni ya nyuma, safi, isiyo na doa. Ila mtazamaji anayepima kwa mstari wa mita 22 uliochorwa uwanjani atakuapia kwamba imekwenda mbele.

Hali huwa mbaya zaidi pale mtoa pasi anapoangushwa mara tu anapouachia mpira. Mwili wake umekoma, mpira haujakoma. Sasa hakuna tena mtu anayekimbia mbele wa kulinganisha naye, na jicho linaona mtu amelala chini na mpira ukidakwa mita 5 mbele yake. Uwanja mzima unasimama. Na bado ni halali, kwa sababu kilichotokea baada ya mpira kuondoka mikononi hakiwezi kugeuza jinsi ulivyoondoka. Kama waamuzi wangepima kwa ardhi, kila mchezaji mwenye kasi angelazimika kurusha nyuma kwa nguvu kuliko mwendo wake mwenyewe, na pasi za mbio zingekufa. Mwongozo wanaopewa waamuzi kwa hiyo ni kutazama mikono: vidole vimeelekea wapi, mpira umetoka mkononi ukielekea upande gani. Siku hizi mwamuzi wa video anaweza kuulizwa, lakini afute trai pale tu kosa linapokuwa dhahiri. Picha za marudio zisitutie ujasiri mno, kwani kamera iliyokaa pembe mbaya humdanganya hata mtaalamu.

Kwa kipimo hicho, Barnes bado alikosea. Mikono ya Traille iliusukuma mpira mbele. Ila kwa kila pasi kama ile zipo nyingi zinazozomewa bure.

Ufundi wa kurusha umebadilika sana tangu Vassall. Mpira wa kwanza ulikuwa kibofu cha nguruwe kilichoshonewa ngozi, mnene kama plamu, na umbo la yai lilikolea taratibu. Leo una urefu wa sentimita 28 hadi 30 na uzito wa gramu 410 hadi 460, na umbo hilo linauwezesha kuzunguka hewani bila kuyumba. Miaka ya 1930 Danie Craven wa Afrika Kusini aliifanya maarufu pasi ya kupiga mbizi: skramu-hafu anajitupa mwili mzima nyuma ya mpira ili ufike mbali. Ilifika mbali, lakini ilimwacha yeye amelala kifudifudi wakati wenzake wanaendelea. Pasi ya kuzungusha, ambayo Chris Laidlaw wa New Zealand aliisambaza kwao miaka ya 1960, ilitoa umbali uleule kwa mtu aliyesimama wima, na ya Craven ikabaki kwenye filamu za kale.

Kwetu Afrika Mashariki pasi inaonekana vizuri zaidi katika raga ya watu saba, ambayo imeipatia Kenya jina. Uwanja ni uleule wa watu 15, lakini kila upande una watu saba na kila kipindi ni dakika saba. Ukipiga teke ovyo unampa mpinzani mpira na nusu ya uwanja. Kwa hiyo timu hupasiana, hata kurudi nyuma mita 20 ikibidi, zikitafuta pengo. Fiji ndio mabingwa wa pasi inayotolewa katikati ya kukabwa, mkono mmoja, mtu akiwa tayari anaanguka. Tarehe 17 Aprili 2016, Kenya chini ya kocha Benjamin Ayimba iliwanyima Wafiji nafasi ya kuzitoa pasi hizo, ikawashinda 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore. Lilikuwa taji la kwanza la Kenya katika msururu wa dunia, na Collins Injera alifunga trai mbili siku hiyo. Miezi minne baadaye Fiji haohao waliipiga Britania Kuu 43 kwa 7 na kutwaa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya raga ya watu saba kwa wanaume, huko Rio. Ukitaka kuelewa uzito wa ushindi wa Singapore, itazame fainali ya Rio uone Wafiji walivyopasiana pale walipoachiwa.

Ninalo ombi kwa watangazaji wetu wanaotangaza raga kwa Kiswahili, na kwa mashabiki wanaojazana Ngong Road au kwenye mashindano ya Driftwood kule Mombasa. Kabla ya kutamka kwamba pasi imekwenda mbele, acheni kutazama mistari ya uwanja, tazameni mikono ya aliyeirusha. Mkimwona ameisukuma mbele, semeni kwa sauti yote. Msipoiona mikono yake, mwachieni refa.